Maswali ya Wasomaji: Kuchafuana Majina Wakati wa Kampeni

Barua za mwezi huu zimetoka pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya, na karibu zote zinagusa jambo moja: matusi, kashfa na uzushi majukwaani na kwenye simu. Tumechagua sita. Majina ya walioandika tumeyaacha.

Ninaratibu kampeni ya mgombea udiwani mkoani Morogoro. Mpinzani wetu amekaa vipindi viwili na kata haina la kuonyesha. Vilevile kila mtu anajua kwamba anaumwa na kwamba nyumbani kwake hakuna amani. Vijana wetu wanataka yote yasemwe jukwaani. Mpaka uko wapi?

Jiulize hivi: mtu huyo akitaka kujibu, atajibu kwa kitu gani? Ukimwambia kwamba boma la zahanati limesimama miaka minne bila bati wakati fedha zilitengwa, atajibu kwa nyaraka au atanyamaza, na vyote viwili vinamsaidia mpiga kura. Ukimwambia wake zake hawaelewani, hana cha kujibu isipokuwa kuingia na yeye nyumbani kwa mgombea wako. Hapo mmehama kata, mmeingia vyumbani.

Vipindi viwili bila la kuonyesha ni hoja halali, na unaweza kuisema kwa ukali wowote. Ila iandae. Tafuta mihtasari ya vikao vya Baraza la Madiwani uone mahudhurio yake na alichangia nini. Soma ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya serikali za mitaa, sehemu inayohusu halmashauri yenu. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ni vikundi vingapi vya kata yenu vilivyopata mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kisha andika kwenye karatasi moja: jambo, kiasi, mwaka, chanzo, ukurasa. Mstari usio na chanzo ufute, hata kama ndio mtamu kuliko yote. Msemaji apande na karatasi hiyo mkononi, asitegemee kichwa.

Wengi huharibu mahali pawili. Kwanza, ripoti ya CAG huongelea halmashauri nzima. Ukimbebesha diwani mmoja hoja ya ukaguzi iliyotokea kata nyingine, atakuumbua mkutano unaofuata. Pili, hati yenye shaka ni maoni ya mkaguzi juu ya hesabu, haijasema fulani kaiba. Ukitamka "mwizi" mahali ambapo karatasi inasema "malipo yasiyo na viambatisho", wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha wizi huo.

Ugonjwa ni mgumu zaidi, kwa sababu afya ya kiongozi ina uhusiano na kazi. Mwaka 2015, kwenye kampeni za urais wa Tanzania, afya ya Edward Lowassa ilizungumzwa sana vijiweni, na mpinzani wake John Magufuli akapiga pushapu jukwaani. Kijembe kilieleweka bila jina kutajwa. Kwenye ngazi ya kata ushauri wetu ni huu: sema mahudhurio, usiseme ugonjwa. "Hakuhudhuria vikao" inatosha na inathibitika. Sababu waachie wananchi na daktari wake.

Mkitaka mfano wa mbali, uko Kanada. Oktoba 1993 chama tawala cha Progressive Conservative kilirusha tangazo la televisheni lililokuza picha za uso wa Jean Chrétien, kiongozi wa chama pinzani cha Liberal, ambaye upande mmoja wa uso wake umepooza tangu utotoni. Watu walikasirika, wakiwemo wagombea wa chama hichohicho, na tangazo likaondolewa haraka. Chama kikatoka kuwa na wingi bungeni kikabaki na viti 2. Kilikuwa kinazama tayari kwa sababu za uchumi, kwa hiyo tusilitwike tangazo mzigo wote. Lakini lilimpa Chrétien huruma ambayo asingeweza kuinunua.

Lakini tuseme ukweli, mhariri: matusi si ndiyo yanayojaza uwanja? Yanaleta kura au hayaleti?

Uwanja yanajaza. Kura ni habari nyingine. Mwaka 2007 Richard Lau na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti 111, nyingi zikiwa za Marekani. Walikuta kwamba shambulio hukumbukwa zaidi kuliko sifa, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba humletea kura anayeshambulia. Mara nyingi yeye mwenyewe hupungua kupendwa. Sisi tungeongeza la hapa kwetu: wagombea wakiwa watatu na wawili wakaparurana, wa tatu hupita katikati akiwa na shati safi.

Kuna hatari nyingine ambayo wapambe huisahau, nayo ni kwamba maneno hayaozi. Tarehe 15 Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alisoma orodha ya watu 11 aliowaita mafisadi. Lowassa, wakati huo Waziri Mkuu, alikuwemo. Julai 2015 Lowassa, ambaye siku zote alizikana tuhuma za ufisadi, alihamia Chadema, akawa mgombea urais wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani. Dk. Slaa akajiondoa kwenye siasa za vyama. Wapinzani wa Chadema hawakuhitaji kutunga kitu. Walikuwa na kazi ya kukumbusha tu nani alisema nini. Magufuli alipata asilimia 58.46, Lowassa 39.97. Hatudai kwamba orodha ile ndiyo iliyoamua. Tunachosema ni kwamba chama kililazimika kutumia siku za kampeni kueleza maneno yake chenyewe. Katika siasa za kuhamahama kama zetu, kabla ya kumwita mtu shetani, fikiria kama mwakani hutamkaribisha kwa wimbo.

Mimi ni dada wa mgombea uwakilishi wadi huko Kilifi. Kuna picha chafu inazunguka WhatsApp. Kichwa ni cha dada yangu, mwili si wake. Mama analia, mume wa dada anataka kwenda kwa mtu tunayemshuku. Tufanye nini?

Shemeji abaki nyumbani kwanza. Akipigana, habari itahama kutoka kwenye picha ya uongo kwenda kwenye ugomvi wa kweli, na ugomvi una mashahidi.

Saa ya kwanza ni ya ushahidi. Aliyeipokea picha asiifute na asibadilishe simu. Mkiwa na simu ya pili, rekodi video ya skrini ya simu ya kwanza: fungua kundi, onyesha jina la kundi, namba iliyotuma, tarehe na saa, kisha picha yenyewe. Bonyeza jina la mtumaji hadi namba kamili ionekane, maana mahakamani "Kaka Juma" aliyehifadhiwa kwenye simu yako hana maana. Piga pia picha za skrini, na uhamishe mazungumzo ya kundi kama faili. Chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti kinachoeleza ulitolewaje na kwa kifaa gani. Kwa hiyo mtu aliyerekodi awe mmoja, anayejulikana, na aandike siku hiyohiyo alichofanya. Picha ya skrini iliyopitia simu kumi haina mwenyewe.

Msiitume kwa yeyote, hata kwa "angalieni uongo huu". Kumpelekea mpelelezi au wakili ni sawa. Kuiweka kwenye kundi la familia ni kuisambaza.

Kisha pimeni imefika wapi. Hapa ndipo timu nyingi hukosea. Ikiwa imebaki kwenye makundi mawili matatu, jibuni humohumo na kwa wasimamizi wa makundi hayo. Mkitoa taarifa kwa kaunti nzima mtawapa habari watu ambao hawakuwa nayo. Ikiwa imefika sokoni na kwenye maboda, basi dada yako azungumze mwenyewe, kwa sauti yake, nusu dakika. Aanze na ukweli, aseme mara moja tu kwamba kuna picha ya kutengenezwa na kwamba imeripotiwa, kisha amalizie na kazi anayoiombea kura. Picha isionyeshwe, hata ikiwa imefunikwa. Imamu, mchungaji na wazee wa mtaa waambiwe ana kwa ana kabla ya Ijumaa na Jumapili. Wao ndio watakaoulizwa.

Kisheria mna njia tatu, na hazizuiani. Polisi: kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinahusu usambazaji wa picha chafu au za faragha za mtu, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka 2, au vyote. IEBC, yaani tume ya uchaguzi ya Kenya: kanuni za maadili ambazo kila chama na mgombea hufungwa nazo, lakini hapo lazima muonyeshe uhusiano na mgombea, chama au wafuasi wake, kumshuku mtu hakutoshi. Ya tatu ni kesi ya madai ya kuchafuliwa jina, ambayo Kenya ina muda wa miezi 12 tu. Familia nyingi husubiri uchaguzi upite, kisha rufaa, kisha zinakuta mlango umefungwa.

Na mwambie mama: mwaka 2017 Kenya ilichagua magavana wanawake 3, mwaka 2022 wakawa 7, mmoja wao jirani zenu wa Kwale. Hakuna aliyefika pale bila kutupiwa kitu.

Nitajuaje kama waraka au klipu inayozunguka ni ya kughushi?

Anza na swali la karani: iko wapi nakala kamili? Waraka wa kughushi mara nyingi huja ukiwa ukurasa mmoja uliopigwa picha kwa pembe, hauna tarehe, au sahihi imekatwa kutoka mahali pengine ikaacha kivuli cha mstari. Klipu ya sauti huja bila mahali wala siku. Mwombe aliyekutumia akwambie mkutano ulikuwa wapi, kisha tafuta rekodi ndefu ya mkutano huo. Ikiwa kelele za watu zinakatika ghafla katikati ya sentensi, kuna mkasi umepita. Kwa picha, itafute kinyumenyume mtandaoni. Nyingi ni za zamani zilizopewa maelezo mapya.

Nembo usiiamini. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2017 ilizunguka video iliyovaa sura ya kipindi cha BBC Focus on Africa, ikitangaza kura ya maoni iliyompa Uhuru Kenyatta uongozi. BBC ilikana kwamba ni yake. Kama chombo kimetangaza jambo kubwa, liko kwenye ukurasa wake. Kama haliko, hakikutangaza.

Mfano wenye funzo kubwa zaidi ni wa Kenya, 2007. Raila Odinga, mgombea urais wa upinzani, alitia sahihi hati ya makubaliano na viongozi wa Kiislamu wa jukwaa lao la NAMLEF. Hati haikuwekwa wazi mapema. Katika pengo hilo ikaingia hati nyingine ya kughushi, inayodai kwamba ameahidi kuleta sharia. Makanisani ikasomwa kama kweli. Hati halisi ilipotolewa, wiki chache kabla ya kura, wengi walikuwa wameshaamua. Waliotunga uongo ule wana lawama yao, lakini kama unaendesha kampeni somo ni la ofisini kwako: makubaliano yoyote unayotia sahihi yachapishe siku hiyohiyo, kurasa zote. Ukificha karatasi, mwenzako atakuandikia.

Mgombea wetu ametukanwa jukwaani na mshindi. Tunaweza kwenda mahakamani matokeo yafutwe?

Inawezekana, ila njia ni nyembamba. Kesi ya kuisoma ni ya Arusha Mjini.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2010 Godbless Lema wa Chadema alimshinda Batilda Burian wa CCM. Wapiga kura watatu wakaenda Mahakama Kuu wakidai kwamba Lema alitumia lugha ya kashfa na udhalilishaji dhidi ya mpinzani wake mikutanoni. Tarehe 5 Aprili 2012 Mahakama Kuu ikatengua ubunge wake. Miezi minane baadaye, tarehe 21 Desemba 2012, Mahakama ya Rufani ikamrudishia. Sababu yake ndiyo muhimu: walalamikaji walikuwa wapiga kura ambao haki yao ya kupiga kura haikuguswa. Waliopiga kura walipiga, zikahesabiwa. Aliyedaiwa kutukanwa hakuwa mahakamani kama mlalamikaji. Yaani huwezi kuudhika kwa niaba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo wakili wenu atauliza ni nani anafungua shauri. Awe mgombea mwenyewe. La pili: aliyetukana ni nani? Sheria ya Uchaguzi ya 1985, iliyotumika wakati huo, kifungu cha 108, iliruhusu kutengua matokeo kwa kauli za kutumia tofauti za kabila, rangi, dini au jinsia ya wagombea. Lakini kauli hizo ziwe za mgombea, au za mtu mwingine kwa niaba yake huku yeye akijua na kuridhia. Mpambe aliyelewa akipayuka mgombea akiwa hajafika, hamna kesi. Mgombea akiwa amekaa meza kuu anacheka, mnayo angalau ya kuanzia, na ndiyo maana mpiga video wenu asielekeze kamera kwa msemaji peke yake. Achukue na meza kuu. Sasa kuna Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Na. 1 ya mwaka 2024, basi wakili asome kifungu chenyewe kilivyo leo asitegemee nakala ya zamani.

Mashahidi ndio huua kesi hizi. Watano wanakuja na maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, hakimu anaona wamefundishwa. Au kila mmoja ana siku yake. Kila mkutano mtu wenu mmoja aandike kwenye daftari: kiwanja, saa, msemaji, maneno yenyewe bila kuyasafisha, na nani walikuwepo. Tusi liandikwe kama lilivyotamkwa. "Alitoa lugha isiyofaa" haithibitishi chochote.

Na kabla ya yote hayo zipo kamati za maadili. Wagombea wa Tanzania husaini tamko la kuheshimu maadili ya uchaguzi, na kamati husikiliza malalamiko wakati kampeni bado inaendelea. Peleka kwa maandishi, mara moja, upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukinyamaza hadi ushindwe, utaulizwa kwa nini tusi halikukuuma kabla ya matokeo.

Naendesha kipindi cha siasa kwenye redio ya jamii Pwani ya Kenya. Mgeni akianza kumtukana mtu hewani nifanye nini?

Funga maikrofoni yake, si baada ya sentensi, katikati yake. Mkono wako uwe juu ya fada, kitelezo cha sauti, tangu anapoanza kupandisha sauti. Sema hewani, bila kurudia tusi, kwamba kauli hiyo haikubaliki kituoni, nenda kwenye muziki, mpe onyo, rudi. Akirudia, kipindi kimekwisha kwake. Aliyetajwa mpigie simu siku hiyohiyo, mpe muda unaolingana. Kama kituo kina mtambo wa kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache, utumie kwenye simu za wasikilizaji. Hao ndio huchomoa tusi bila onyo.

Tofautisha tusi na chuki ya kikabila. Hiyo ya pili iko kifungu cha 13 cha Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008: faini hadi shilingi milioni 1 au kifungo hadi miaka 3, au vyote, na si aliyesema peke yake anayeguswa, hata anayetangaza. Mwaka 2022 NCIC, tume ya utangamano iliyoundwa na sheria hiyo, ilitoa orodha ya maneno 23 ya kuangaliwa, "madoadoa" likiwemo. Ibandike studio, lakini usiitegemee. Wanasiasa hubuni mafumbo mapya kila wiki, na msikilizaji wa huko kwenu atalielewa fumbo kabla ya tume. Rekodi ya kila kipindi ihifadhiwe nzima, pamoja na simu. Ndiyo itakayokuonyesha ulikata wapi.

Rafiki ananipa hela kidogo niposti hashitegi anazonitumia asubuhi. Zinamsema mgombea fulani. Kuna ubaya?

Biashara hiyo inajulikana. Ripoti ya shirika la Mozilla ya 2021 kuhusu Kenya ilieleza vijana wanaolipwa dola 10 hadi 15 hivi kwa siku ya kazi kama hiyo, maelekezo yakija kwa WhatsApp na matini tayari. Angalia mpangilio wake: aliyeandika maneno hajulikani, aliyelipa hajulikani, na akaunti yenye jina na sura ni yako. Tanzania, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamshika anayechapisha anachojua ni uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Mwombe rafiki yako ushahidi wa anachotaka uposti. Akikwambia "wewe posti tu", umeshapata jibu, na hela mrudishie kabla ya kesho asubuhi.